Skrubu ya Kuyeyuka

Neno lililomkwaza Baba Chiriku lilikuwa moja tu, na daktari alilitamka huku akitabasamu, kana kwamba anampa habari njema. "Itayeyuka," alisema.

Kwa mtu mwingine neno hilo lingepita. Lakini Baba Chiriku alikuwa fundi wa kuchomelea, mtu aliyejenga nyumba na kulea mtoto kwa mageti na madirisha ya nondo, na maisha yake yote ya kazi yalikuwa ugomvi kati yake na kutu. Kwake yeye, chuma kilichoyeyuka ni chuma kilichooza, na chuma kilichooza ni aibu ya fundi. Sasa mbele yake alisimama mama mwenye koti jeupe na elimu ya kutosha, akimwambia kwamba mfupa wa mwanawe utashikwa na chuma ambacho kazi yake ni kuoza.

Binti mwenyewe alikuwa amelala kitandani, mguu umevimba mpaka kifundo hakionekani. Nyumbani walimwita Chiriku, kwa sababu tangu ajue kusema hakuwahi kunyamaza, lakini siku hiyo alikuwa kimya. Alianguka kutoka kwenye geti, palepale kwenye karakana ya baba yake. Geti lilikuwa limeshikwa kwa nukta tu, vile vitone vidogo ambavyo fundi huvichomelea ili vipande vikae mahali pake kabla hajafanya kazi kamili. Baba alikuwa ametoka mara moja kununua vijiti vya kuchomelea. Chiriku akalipanda akabembea, kama alivyobembea mageti yote tangu utotoni, na bawaba ikaachia.

Kwa hiyo baba mtu aliingia hospitali akiwa tayari ana kesi na chuma. Hakuna aliyemsema kwa maneno makali. Mama mkwe wake alisema tu, wagonjwa wa vitanda vya jirani wakisikia, kwamba afadhali bintiye angeolewa na fundi cherehani, maana hakuna mtoto aliyewahi kuvunjwa mguu na gauni. Watu walicheka, naye akacheka nao, lakini utani ule ulimchoma.

Daktari alieleza vizuri. Mfupa wa upande wa ndani wa kifundo umekatika na unahitaji skrubu mbili. Kuna za chuma cha kawaida, ni imara, ila kwa kuwa mtoto bado anakua itabidi baadaye apasuliwe tena zitolewe. Na kuna hizi za magnesiamu, madini ambayo hata mwili wenyewe unayo. Zinaushika mfupa mpaka ujiunge, kisha mwili unazila polepole, na pale zilipokuwa mfupa unajaa.

"Na zikiisha kabla mfupa haujashika?" Baba Chiriku aliuliza.

Daktari hakuwa mtu mbaya, ila foleni mlangoni ilikuwa ndefu. "Baba, kwenye mageti fundi ni wewe," alisema. "Kwenye mifupa niachie mimi."

Ulikuwa utani, na Mama Chiriku akatabasamu. Mumewe alifunga mdomo, na tangu hapo hakuuliza tena swali ndani ya chumba kile. Aliyekata shauri alikuwa Chiriku mwenyewe. Alitaka kujua kama kwa hiyo ya kuyeyuka hatakatwa mara ya pili. Daktari akamwambia hatakatwa. "Basi hiyo," akasema, akageukia ukutani.

*

Upasuaji ulikwenda salama. Siku ya kuruhusiwa, daktari alimvuta Baba Chiriku pembeni akamtia kitu kidogo kiganjani. Ilikuwa skrubu iliyodondoka sakafuni wakati wa upasuaji, ikawa haifai tena kuwekwa kwa mtu. Alimwambia achukue aione kwa macho yake, asije akadhani binti yake amewekewa takataka. Baba Chiriku aliigeuzageuza. Ilikuwa nyepesi kama ganda la karanga, na meno yake yamechongwa kwa ustadi ambao yeye mwenyewe asingeuweza. Alishukuru kwa dhati. Katika umri wake wote hakuna mtu wa koti jeupe aliyewahi kumpa kitu akishike.

Sasa, karakanani kwake palikuwa na desturi moja. Wauzaji wa vyuma ni watu wa maneno matamu, na yeye alishaumwa nao mara nyingi, kwa hiyo hakununua nondo wala bomba kabla hajakata kipande akakitumbukiza kwenye maji ya betri. Alikuwa akiwaambia mafundi wenzake kwamba usiku mmoja wa maji ya betri ni sawa na miaka mingi ya mvua. Asubuhi kipande kikitoka kizima, ananunua. Kikitoka kimetafunwa, mwenye mali anaambiwa atafute mjinga mwingine. Kipimo hicho hakijawahi kumwangusha.

Basi alifanya kile ambacho mikono yake ilikijua. Alimimina maji ya betri kwenye chupa ya mdomo mpana, akaidondosha skrubu, akageuka kuchukua kikombe chake cha chai. Nyuma yake akasikia mchemko. Skrubu ilikuwa inatoa povu na moshi, inazungukazunguka, inapungua anaiona. Chai haijafika nusu, skrubu haikuwepo.

Alikaa juu ya ndoo iliyofudikizwa. Nondo mbovu kuliko zote alizowahi kuzipima ilimaliza usiku mzima. Hii haikumaliza hata chai. Na mbili kama hiyo zilikuwa ndani ya mguu wa mwanawe.

Aliwaza kurudi hospitali. Akajiona amesimama mbele ya daktari, anaeleza kwamba ile zawadi aliitia kwenye maji ya betri, na daktari anamkumbusha tena nani ni fundi wa nini. Na kama kweli zimekwisha, si watamkata mtoto upya? Na aliyeleta yote hayo ni nani kama si yeye na nukta zake? Aliona bora mguu usikanyage kabisa, mpaka mfupa ushike wenyewe. Akamwaga maji yale nyuma ya karakana, akaisuuza chupa, na nyumbani hakusema neno.

*

Alimtengenezea Chiriku kiti cha magurudumu. Kilikuwa kiti hasa. Magurudumu aliyatoa kwenye baiskeli, mgongo akauwekea sponji, na kila palipokutana bomba na bomba alichomelea akazunguka mpaka akarudi alipoanzia, kisha akapiga msasa na rangi ya bluu. Majirani walikuja kukiangalia. Mama mkwe alikikalia, akajinesanesa, akakubali kwa shingo upande kwamba mkwewe naye ana mikono. Wakati huo lile geti lilikuwa bado limeegemezwa ukutani na nukta zake, na kila mwenye geti alipokuja kuliulizia, alipigwa kalenda.

Plasta ya mguuni ilipotolewa, mtaalamu wa mazoezi alielekeza kwamba Chiriku aanze kukanyaga kidogo kidogo kwa magongo, na kila asubuhi auvute wayo kwa kitambaa ili kisigino kinyooke. Mama Chiriku alikuwa mpishi kwenye shule ya bweni, anatoka alfajiri kuwahi masufuria, kwa hiyo kazi hiyo ilimwangukia baba, ambaye karakana yake ilikuwa hatua chache kutoka nyumbani. Aliitikia kwa kichwa. Wakishabaki wawili, alimwambia mtoto atulie kitini, bado. Jioni mkewe aliuliza kama wamefanya mazoezi, naye alijibu kwamba wamefanya. Mara ya kwanza jibu lilimkwama. Baadaye likawa linatoka lenyewe.

Hospitali pia alimpeleka yeye. Picha ya eksirei ilionyesha kivuli cheusi kuzunguka kila skrubu, na daktari akasema ni hewa tu, hutokea chuma kinapoanza kuliwa, itapotea. Baba Chiriku aliitazama picha ile kwa macho ya kazi yake. Aliona kazi iliyochomelewa vibaya, imejaa matundu, ile ambayo mteja akiigonga kwa nyundo inaanguka. Alipoulizwa kuhusu mazoezi, alisema yanaendelea.

Chiriku mwanzoni alifurahia kiti. Alishindana mbio na watoto wenzake akawashinda, akawa anapiga kelele mtaa mzima. Kisha siku moja, kiti kikiwa nje, alishika meza akajaribu kusimama. Baba yake aliingia wakati huohuo, na kilichomtoka kinywani hakukipanga.

"Kaa chini! Skrubu zimekwisha. Ukikanyaga unavunjika tena."

Chiriku alikaa. Baba alipiga magoti mbele yake, akamwomba asimwambie mama yake, asije akaingiwa na hofu bure. Mtoto aliitikia kwa kichwa. Hakujaribu tena kusimama, na maneno yake yakaanza kupungua, hata jirani aliyezoea kumfukuza dirishani kwake akauliza kama anaumwa.

Mama aliona. Siku moja akimwogesha aliushika mguu ule, akaulinganisha na mwenzake. "Huu mbona kama si wako?" alisema. Mumewe alijibu kutoka chumba cha pili kwamba ni plasta, plasta hunyonya nyama. Mama Chiriku alimalizia kumkausha, na kesho yake akaomba ruhusa kazini ili safari ijayo ya hospitali aende mwenyewe.

*

Walikwenda wote watatu. Daktari alikisifia kiti, akamwomba Chiriku ashuke asimame kidogo. Chiriku akang'ang'ania mikono ya kiti. Daktari akauliza kama panauma. Hapaumi. Sasa anaogopa nini?

Chiriku alimwangalia baba yake, halafu akamwangalia mama. "Baba amesema skrubu zimekwisha," alisema. "Nikikanyaga nitavunjika."

Mama Chiriku aligeuza shingo polepole. Baba Chiriku alitazama kofia yake, aliyokuwa ameivua na kuishika magotini kama mtu aliyeitwa polisi.

Daktari aliushika mguu, akajaribu kuukunja juu, na kisigino kikagoma. Akajaribu tena. Kisha akaeleza kwa sauti ya chini kwamba mguu usiokanyaga hukaza. Kano ya nyuma ya kisigino imeanza kufupika, na ikiendelea hivi mtoto atatembelea vidole maisha yake yote, au itabidi apasuliwe kano irefushwe. Wana muda, lakini si mwingi. Akirudi safari ijayo hali ikiwa hii, atalazimika kukata.

"Kukata tena?" Mama Chiriku aliuliza. Ndilo jambo pekee walilokuwa wamelikimbia.

Hapo ndipo Baba Chiriku aliposema. Aliyasema yote, ya skrubu na chupa na chai, macho yake yakiwa sakafuni, akingojea kicheko. Hakikuja. Daktari aliibandika picha mpya kwenye taa na kumwita asogee. Skrubu zote mbili zilikuwepo. Zilikuwa zimekonda, kingo zimelika kama kipande cha sabuni iliyotumika, lakini zilikuwepo, na ule ufa wa mfupa ulikuwa umefifia mpaka ulihitaji kuonyeshwa kwa kidole. Kile kivuli cheusi kilikuwa kimekwenda zake.

"Baba, ndani ya mtoto hamna maji ya betri," daktari alisema. "Hata mimi ungenitia humo, chai usingeimaliza. Lakini uliniuliza swali la maana siku ile, na mimi nikakujibu kwa mzaha. Nisamehe. Sasa mfupa uko tayari, unataka kazi tu. Siwezi kumkanyagisha kwa nguvu. Mimi nikimwambia haamini. Anakuamini wewe."

*

Njiani Mama Chiriku alikisukuma kiti mwenyewe, na mumewe akatembea nyuma yao kama mtu asiyehusika. Walipofika nyumbani, mama alimwingiza mtoto ndani, akatoka, akafunga mlango.

"Kila siku nilikuuliza," alisema. "Kila siku ukanijibu."

"Niliogopa, Mama Chiriku."

"Na mimi naogopa. Naogopa huku nakoroga masufuria ya watoto wa watu, nawaza wangu. Lakini hofu yangu sikumpa mtoto aibebe." Alijifuta macho kwa ncha ya kanga. "Uliyemtia ni wewe. Utamtoa wewe."

Baba Chiriku alijaribu. Alimbembeleza, akamwahidi hiki na kile, akafikia hata kumgombeza, kisha akaona aibu. Chiriku alijibu jambo moja tu, kwamba baba mwenyewe ndiye aliyesema skrubu zimekwisha. Baba mtu hakuwa na pa kushika. Alikwenda karakanani, na kwa kuwa hakujua la kufanya, alifanya kazi. Alilivuta lile geti kutoka ukutani, akalilaza, akavaa miwani, akaanza kuchomelea kila ungio, taratibu, kutoka mwanzo hadi mwisho.

Alipomaliza aligonga magamba kwa nyundo, akapiga brashi, akainama kukagua. Alitafuta nukta zake za zamani, zile zilizomvunja mwanawe, na hakuziona. Zilikuwa zimemezwa ndani ya kazi, na mstari ulikuwa mmoja, mzima. Tangu ujana wake alikuwa akiweka kila siku kitu kisichokusudiwa kubaki, kikae tu mpaka kazi kamili ije, na siku alipoelezwa kitu hichohicho na daktari, akashindwa kukielewa.

Alilisimamisha geti kwenye nguzo zake za majaribio, akaenda kumchukua Chiriku na kiti chake.

"Gusa hapa," alimwambia. "Nukta ziko wapi?"

Chiriku alipitisha kidole. "Hazipo."

"Zimekwenda wapi?"

"Zimo humo humo."

"Basi skrubu zako ndizo nukta. Hazikuwekwa zikae. Zimewekwa zishike, mpaka mfupa ujichomelee wenyewe. Na umeshajichomelea, nimeuona kwa macho yangu. Mimi nilikwambia jambo nisilolijua, mwanangu. Nilikukosea."

Chiriku alilitazama geti kwa jicho la mtu aliyewahi kuangushwa nalo. "Hili nalo utasema limeshika."

"Limeshika."

"Lipande, basi."

Baba Chiriku alikuwa mtu mzima, ana kitambi cha heshima, na karakana yake ilikuwa kando ya njia. Aliangalia kulia, akaangalia kushoto, akapiga moyo konde. Alipanda, miguu yote kwenye nondo ya chini, mikono kwenye ya juu, akajisukuma. Geti likaenda naye, likarudi naye. Wapita njia wakasimama. Mwenye geti, aliyekuja kwa mara nyingine kuuliza mali yake, alikuta fundi wake anabembea juu yake, akauliza kwa upole kama ndiyo sababu geti lilichelewa.

Chiriku alicheka. Alicheka mpaka akashika tumbo, na kicheko kile kilifika nyumbani, maana Mama Chiriku alitokea mlangoni na mwiko mkononi. Baba alishuka, jasho likimtoka, akainama akampa bega lake. Chiriku alilishika. Aliushusha mguu mmoja, kisha ule mwingine, vidole kwanza, akauma mdomo.

"Inauma," alisema.

"Imeachia?"

Chiriku alisikiliza, kama vile mguu unaweza kumjibu. "Haijaachia."

*

Haikuwa kazi ya siku moja. Kitambaa cha kuvutia kisigino kilichakaa, kikatafutwa kingine. Asubuhi nyingine mtoto alilia, baba naye akalia kwa kificho nyuma ya mashine. Lakini daktari hakukata. Na siku ilipopigwa picha ya mwisho, Baba Chiriku aliisogelea taa akazitafuta zile skrubu, akainamisha kichwa huku na huku, mpaka daktari akamwambia aache kujisumbua. Kulikuwa na mfupa tu.

Kiti cha bluu kilikaa karakanani kikizuia njia, hadi wakakubaliana kikatwe, mabomba yake yafanye kazi nyingine. Baba Chiriku alidhani ataimaliza kazi hiyo kabla ya chai. Kumbe kila ungio liligoma. Diski ya kukatia ilikwisha, akafunga nyingine, na kiti kikawa bado kinamtazama. Chiriku, aliyekuwa amesimama pembeni akisimulia habari za shule zisizo na kituo, alichoka kusubiri.

"Baba, ulikichomelea namna gani hiki? Geti la mtu unaacha na nukta, kiti unakizungushia kote kote. Ulitaka kidumu mpaka lini?"

Baba Chiriku alizima mashine. Aliinua miwani, akajifuta vumbi la chuma usoni, na akaona hana sababu ya kumficha tena.

"Nilidhani utakikalia maisha yako yote," alisema.

Chiriku alikiangalia kiti, akamwangalia baba yake. Halafu alisogea, akauweka ule mguu juu ya bomba, akaegemeza uzito wake wote ili lisicheze.

"Kata," alisema.